Wanafunzi Wafumi wa Bauhaus na Haja za Watu, 1919–1933

Kiswahili kina neno mfumo, ambalo siku hizi hutumika sana kwa maana ya mpango wa mambo yanayotegemeana: mfumo wa sheria, mfumo wa elimu, mfumo wa sauti za lugha. Asili ya neno ni kitendo kufuma, yaani kupitisha uzi wa mshindio baina ya nyuzi za mtande mpaka nguo ipatikane. Limetoka katika kitanda cha mfumi likaingia katika vitabu vya sheria na vya sayansi, wala halikuitupa maana yake ya kwanza, kwamba kila uzi hushikwa na wenzake, na mmoja ukikatika nguo nzima hulegea.

Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila atakayeitazama historia ya karakana ya kufuma katika chuo cha Bauhaus, kilichodumu Ujerumani kwa miaka 14 tu, tangu 1919 hata 1933. Vitabu vingi juu ya chuo hicho vimesema habari za majumba yake, viti vyake na walimu wake mashuhuri. Wanafunzi waliokaa mbele ya vitanda vya kufumia, aghalabu wanawake, waliachiwa kurasa chache za mwisho. Lakini katika karakana yao ndimo lilimoulizwa kwa bidii swali ambalo vyuo vya sanaa na mavazi vingali vikiliuliza leo: je, zoezi la mwanafunzi laweza kuwa dawa ya shida za watu, au ni mchezo wa darasani tu? Na katika maisha yao limo swali la pili, zito zaidi: nguo hufaidi jamii, lakini jamii humlindaje aliyeifuma?

I. Mlango uliofunguliwa nusu

Bauhaus ilianzishwa mjini Weimar mwezi wa Aprili 1919 na msanifu wa majengo Walter Gropius. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimekwisha miezi mitano nyuma. Mfalme wa Ujerumani alikuwa ameondoka, na katika Januari ya mwaka huo wanawake wa nchi hiyo walipiga kura kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa taifa. Gropius alitangaza kwamba chuo chake kitampokea kila mtu mwenye sifa njema, bila ya kutazama umri wala jinsia. Watu waliyasadiki maneno hayo. Katika muhula wa kwanza waliandikishwa wanawake 84 na wanaume 79.

Hesabu hiyo iliwashtua wakuu wa chuo. Walichelea kwamba wanawake wakizidi, chuo kitahesabiwa kuwa mahali pa kazi za mapambo, nacho kilitaka kuhesabiwa kuwa mahali pa ujenzi. Mwaka 1920 baraza la walimu likakubali kuwachagua wanawake kwa ukali zaidi, na likafanyiza darasa la wanawake ambalo baadaye liliungana na karakana ya kufuma. Ilidaiwa kuwa kazi nzito za mafundi, kama useremala, haziwafai. Wachache walipenya: Alma Siedhoff-Buscher alipata nafasi katika karakana ya mbao, na Marianne Brandt katika karakana ya madini. Wengi wao walielekezwa kwenye nyuzi.

Miongoni mwa walioelekezwa hivyo alikuwamo Annelise Fleischmann, mzaliwa wa Berlin wa mwaka 1899, aliyeingia chuoni 1922. Haja yake ilikuwa kujifunza kazi ya vioo. Hakupewa. Akaenda kwenye kufuma pasipo hamu, na humo akaikuta kazi ya maisha yake yote. Baada ya kuolewa na Josef Albers mwaka 1925 alijulikana kwa jina la Anni Albers. Hadithi yake hutajwa mara nyingi kana kwamba ni uthibitisho kuwa walimu walifanya vema kumpeleka huko. Sivyo. Mtu aliyefungiwa chumbani akapanda bustani dirishani hastahili kufanywa hoja ya kumtetea aliyemfungia.

II. Wanafunzi waliojifundisha

Karakana ilianza na vitanda vya kufumia vilivyokuwa mali ya Helene Börner, mwalimu wa kazi za mikono tangu zamani za chuo kilichotangulia hapo Weimar. Mkuu wa upande wa sanaa alikuwa mchoraji Georg Muche, ambaye hakuwa mfumi. Basi wanafunzi walijifundisha mambo mengi wao kwa wao, wakifungua na kufunga nyuzi, wakikosea na kurudia.

Aliyewaongoza wenziwe katika juhudi hiyo alikuwa Gunta Stölzl, mzaliwa wa Munich wa mwaka 1897, ambaye wakati wa vita alikuwa muuguzi wa Msalaba Mwekundu. Mwaka 1922 yeye na mwenzake Benita Otte walikwenda Krefeld, mji wa viwanda vya hariri, kusoma kazi ya kutia nguo rangi. Baadaye wakarudi tena huko kujifunza ufundi wa kufuma wenyewe. Elimu waliyoipata waliileta chuoni na kuwagawia wengine. Hivyo karakana ilijengwa na wanafunzi wake kabla ya kujengwa na walimu wake. Chuo kilipohamia Dessau mwaka 1925, Stölzl alishika ukuu wa kazi za ufundi, na mwaka 1927, Muche alipoondoka, akawa mkuu wa karakana yote. Hivyo alipanda daraja kutoka uanafunzi wa Bauhaus hata uongozi wa karakana.

Tena walipata mafunzo ya nadharia kwa mchoraji Paul Klee, aliyewaeleza jinsi mistari na rangi zinavyogawanyika, kujirudia na kugeuzana. Kwa mfumi mafunzo hayo yalikuwa na maana kuliko kwa mchoraji, maana mfumi hawezi kuutupa mstari popote apendapo. Kila rangi aitakayo yapasa ipite njia ya mtande au ya mshindio. Uhuru wake umo ndani ya kanuni, kama uhuru wa mtunzi wa mashairi ulivyo ndani ya mizani na vina.

III. Kutoka pambo hadi haja

Kazi za miaka ya mwanzo zilikuwa za kupamba ukuta zaidi kuliko za kutumiwa. Lakini umasikini wa nchi ulikuwa mwalimu mwingine. Mwaka 1923 fedha ya Ujerumani iliporomoka hata noti zikabebwa kwa vikapu. Katika hali hiyo kuthamini kitu kilichotupwa hakukuwa shauri la wanafalsafa, bali njia ya kuendelea kufanya kazi. Josef Albers, alipokuwa bado mwanafunzi asiye na fedha ya kununulia vifaa, alikwenda kwenye jaa la mji wa Weimar na nyundo na mfuko wa mgongoni, akaokota vipande vya vioo vilivyovunjika na kuviunga kuwa picha. Alipokuwa mwalimu wa darasa la utangulizi, aliwapa wanafunzi karatasi, magazeti mara nyingine, akawataka wafanye umbo lenye nguvu kwa kukunja na kukata, pasipo kubakisha taka. Kipimo cha akili kilikuwa kupata kingi kwa kutumia kidogo.

Somo hilo lililingana na tabia ya kufuma. Seremala huondoa mbao apate kiti. Mshonaji hukata kitambaa apate vazi, na vibaki huanguka chini. Mfumi huongeza uzi juu ya uzi, wala hapotezi kitu ila ncha. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atakumbuka kwamba kanga na kikoi huvaliwa jinsi vilivyo, havikukatwa wala havikupunguzwa, na vikichakaa hugeuzwa kazi nyingine. Shauri ambalo leo linafundishwa katika vyuo vya mavazi, la kutengeneza vazi pasipo masazo, si geni kwa kila taifa.

Huko Dessau swali lilibadilika. Je, mwanafunzi afume kwa mkono kipande kimoja kizuri, au abuni kitambaa cha kufumwa na mtambo kwa maelfu ya watu? Muche aliponunua vitanda vya Jacquard, vyenye kuongozwa na kadi zilizotobolewa, wanafunzi walimpinga vikali, na ugomvi huo ulichangia kuondoka kwake. Upinzani wao haukuwa woga wa mtambo. Walishika kwamba abuniye sharti kwanza ajue kwa vidole vyake uzi unatendaje, ndipo autume mtambo. Kitanda cha mkono kilikuwa kwao kama maabara, kiwanda kingefuata.

Hofu ya kupoteza mkono ilikuwa na mifano yake duniani. Pwani ya Afrika Mashariki iliwahi kuwa na wafumi wengi wa pamba. Visokota-nyuzi vya udongo vilivyofukuliwa Kilwa ni ushahidi. Katika karne ya 19, hasa baada ya mapatano ya biashara baina ya Sayyid Said na Marekani mwaka 1833, nguo za viwandani kutoka Massachusetts ziliingia kwa wingi hata jina la nchi likawa jina la nguo: merikani. Nguo za India nazo zilizidi. Wafumi wa pwani walipungua, na maneno ya ufundi wao, kama mtande na mshindio, yakabaki zaidi katika kamusi kuliko katika vinywa vya watu. Mtambo ukija pasipo mfumi kushirikishwa katika kubuni, hauondoi kazi tu, huondoa na lugha ya kazi. Wanafunzi wa Dessau walitaka njia ya tatu, ambayo mfumi haikatai mashine wala hafukuzwi nayo.

Mwezi wa Aprili 1928 Hannes Meyer alishika uongozi wa chuo, naye alitaka haja za umma zitangulie mbele ya anasa za wachache. Karakana ya kufuma ilikuwa imekwisha kuanza safari hiyo. Kwa viti vya mabomba ya chuma vya Marcel Breuer palihitajika kitambaa kisicholegea mtu akikalia. Wanafunzi walitumia uzi ulioitwa kwa Kijerumani "uzi wa chuma", ingawa hamna chuma ndani yake. Ulikuwa uzi wa pamba uliolishwa wanga na nta mpaka ukakaza na kung'aa. Margaretha Reichardt, mwanafunzi wa karakana hiyo, aliufanyia majaribio akauimarisha zaidi.

Mfano ulio bora kuliko yote ni kazi ya diploma ya Anni Albers, ya mwaka 1930. Katika Bernau, karibu na Berlin, Meyer na Hans Wittwer walikuwa wakijenga shule ya shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Ukumbi wake ulikuwa na mwangwi uliowasumbua wasikilizaji. Albers alifuma kitambaa cha ukutani chenye sura mbili: upande wa nyuma ulikuwa na nyuzi za manyoya zilizomeza sauti, na upande wa mbele ulikuwa na selofani iliyorudisha mwanga ukumbini. Hakuna ua wala ndege juu yake. Uzuri wake ulitokana na kufaa kwake. Wafanyakazi waliokuja Bernau kusoma waliweza kumsikia mwalimu wao na kuona maandishi yao, na pengine hawakutambua kuwa nguo iliyo ukutani ndiyo iliyowahudumia.

Upungufu nao lazima utajwe. Vitu vingi vya Bauhaus vilivyokusudiwa umma vilinunuliwa na wenye nafasi, maana kazi ya mkono ina gharama. Mkataba wa mwaka 1930 na kampuni ya Polytex ya Berlin, uliopeleka vitambaa vya karakana viwandani na sokoni, ulikuwa jaribio la kuziba pengo hilo. Ulikuja umechelewa.

IV. Sura isiyojulikana na mkono unaojua

Ipo picha mashuhuri iliyopigwa na Erich Consemüller yapata mwaka 1926. Mwanamke amekalia kiti cha Breuer. Usoni amevaa kinyago cha Oskar Schlemmer. Mwilini ana gauni la kitambaa kilichobuniwa na mwanafunzi Lis Beyer. Kiti kinajulikana ni cha nani, na kinyago kadhalika. Aliyekaa hajulikani kwa yakini: wengine husema ni Beyer mwenyewe, wengine husema ni Ise Gropius, mke wa mkuu wa chuo. Picha hiyo imechapwa mara nyingi kama alama ya zama mpya, na ndani yake mwanamke ndiye asiye na jina.

Aliyepigania jina lake kuliko wengine alikuwa Otti Berger. Alizaliwa mwaka 1898 katika kijiji cha Zmajevac, ambacho wakati huo kilikuwa chini ya Austria na Hungaria na leo kimo Kroatia. Usikivu wake ulikuwa na kasoro. Aliingia Bauhaus mwaka 1927, akamaliza diploma 1930, na katika maandishi yake alishikilia kwamba kitambaa hakifahamiki kwa macho peke yake. Sharti kishikwe, kikunjwe na kupimwa kwa mguso. Mkono una elimu yake ambayo jicho halina. Kwa mwanafunzi aliyesikia kwa shida hayo hayakuwa maneno ya kupamba makala. Baada ya chuo alifungua karakana yake Berlin mwaka 1932, akabuni vitambaa vya viti na mapazia kwa viwanda, na mwaka 1934 akapata hataza kwa kitambaa cha samani chenye matabaka mawili. Mfumi kutambuliwa na sheria kuwa mvumbuzi, kama watambuliwavyo wahandisi, lilikuwa jambo adimu.

V. Nyuzi zilizokatwa

Siasa za Dessau zilikuwa zimebadilika kabla ya hapo. Mwaka 1929 Stölzl aliolewa na Arieh Sharon, mwanafunzi wa usanifu wa majengo, Myahudi aliyetoka Palestina, na kwa ndoa hiyo alipoteza uraia wa Ujerumani. Fitina ziliandamana. Alama ya msalaba wa Wanazi ilichorwa mlangoni pake, na baadhi ya wanafunzi wake wenyewe walijiunga na waliotaka aondoke. Mwaka 1931 alijiuzulu, akahamia Zürich, akaendelea kufuma huko hata uzeeni; alifariki 1983. Mwaka 1932 baraza la mji wa Dessau, lililokuwa mikononi mwa Wanazi, lilifunga chuo. Ludwig Mies van der Rohe alikifungua tena Berlin, na mwaka 1933 polisi waliingia na milango ikafungwa moja kwa moja.

Berger, aliyekuwa Myahudi, alikatazwa mwaka 1936 kufanya kazi yake Ujerumani. Mwaka 1937 alikwenda London, ambako lugha ngeni na usikivu hafifu vilimtenga na watu. Alitumaini kwenda Marekani, ambako László Moholy-Nagy alikuwa anafungua chuo kipya Chicago. Mwaka 1938 alirudi kwao, Yugoslavia, kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa. Njia ya kutoka haikufunguka tena. Mwaka 1944 alichukuliwa pamoja na jamaa zake, akauawa Auschwitz.

Hataza ililinda kitambaa chake. Haikumlinda yeye.

VI. Mbegu iliyovuka bahari

Anni na Josef Albers waliondoka Ujerumani mwaka 1933 wakaenda Black Mountain College, chuo kidogo na masikini katika North Carolina. Inasemwa kuwa kitambaa cha Bernau kilimvutia sana Philip Johnson, aliyesaidia kuwapatia mwaliko. Huko Anni Albers alifundisha hata mwaka 1949, akachukua vilivyokuwapo karibu. Wanafunzi walipewa punje za mahindi, majani na karatasi zilizosokotwa, wajaribu sura na mguso wa vitu hivyo kabla ya kugusa uzi. Walifuma kwa vitanda vya kujifunga kiunoni, vya namna ile itumiwayo na wafumi wa Amerika ya Kati na ya Kusini, watu aliowahesabu kuwa walimu wake wakuu.

Yapata mwaka 1940 yeye na mwanafunzi wake Alexander Reed, baada ya kuona huko Mexico mapambo ya kale ya Monte Albán, walitengeneza mikufu kwa vitu vya duka la vyuma: vibanio vya karatasi, pete za skrubu, chujio la beseni. Wazee wa Monte Albán walichanganya dhahabu na vitu vya kawaida pasipo kujali bei. Walimu na wanafunzi wa Black Mountain wakaiacha dhahabu kabisa. Mikufu hiyo ilionyeshwa New York mwaka 1941, katikati ya vita. Thamani ya pambo, ilidhihirika, si lazima itoke mgodini.

Mwaka 1949 jumba la sanaa za kisasa la New York lilifanya maonyesho ya kazi za Anni Albers peke yake, na hakuna mfumi aliyekuwa amepewa heshima hiyo pale kabla yake. Mwaka 2017 shule ya Bernau iliongezwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, ambayo tangu 1996 ilikuwa na majengo ya Bauhaus ya Weimar na Dessau.

VII. Hukumu ya historia

Katika habari hizi yapo mambo mawili yasiyopaswa kutenganishwa. La kwanza ni kwamba zoezi la mwanafunzi laweza kugusa shida za watu kwa kweli, ikiwa litaanza katika shida iliyo wazi: mwangwi wa ukumbi, kiti kinacholegea, uhaba wa vifaa. Wanafunzi wa Bauhaus hawakufuma picha za umasikini. Walifuma vitu vya kuupunguza. Tofauti hiyo ndiyo kipimo kinachoweza kutumiwa kwa kazi za wanafunzi wa mavazi wa leo, wanaoandika juu ya nguo zao majina ya bahari chafu na ya mito iliyotiwa sumu na viwanda vya rangi. Nguo inayolalamika yaweza kuwa na haki. Nguo inayotatua ina haki na faida.

La pili ni kwamba faida ya nguo haimfikii mfumi kwa yenyewe. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, Bangladesh, lenye viwanda vya mavazi, lilianguka na kuua watu 1,134, wengi wao wanawake. Vibandiko vya kampuni vilivyookotwa katika kifusi vilikuwa na majina yanayojulikana dunia nzima. Majina ya waliokufa hayakuwamo katika nguo yoyote. Kati ya mfumi wa Dessau na mshonaji wa Dhaka pana tofauti kubwa ya elimu na ya nafasi, lakini wote wawili walitoa kazi iliyojulikana kuliko wao.

Mfumo, kama neno lenyewe linavyoshuhudia, ni nyuzi zinazoshikana. Abuniye nguo kwa ajili ya jamii akamsahau anayeifuma, ameutandika mtande akaacha mshindio, na nguo hiyo haijafumwa bado.